STELINGI ALIYEVAA SHELA

Ndugu msomaji, kama umekulia uswahilini, iwe Kikwajuni, Magomeni au Kisauni, sheria ya kwanza ya picha la mapigano unaijua bila ya kufundishwa na mtu: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa baharini ndani ya gunia, atafungiwa kwenye nyumba inayoungua, lakini wewe unaendelea kutafuna karanga zako bila ya wasiwasi kwa sababu unajua. Sheria ya pili haisemwi, maana hapajatokea mtu wa kuibishia. Stelingi ni mwanamume.

Mie sheria zote mbili nilizisomea Vitongoji. Kwa asiyepajua, Vitongoji iko Pemba, mashariki ya Chake Chake, safari fupi tu ya gari, njia inakata katikati ya minazi na mikarafuu mpaka inakwenda kukutana na bahari na mibuyu yake. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha, na umeme ulikuwa kama mgeni asiyejua kuaga: unamwona kakaa, ukigeuka hayupo. Baada ya waya ule, televisheni na deki zikaanza kuingia hata kwenye nyumba za makuti, na jirani mmoja akagundua kwamba sebule yake ni mali. Kiingilio shilingi mia mbili, viatu nje, watoto wadogo mbele.

Picha yenyewe ilikuwa Salt, ya Angelina Jolie, iliyotoka mwaka ule ule wa 2010. Kwetu ilifika ikiwa imechelewa, kwenye sidii ya kuchoma, na juu ya sauti za Wamarekani kulikuwa na mtafsiri wa Kiswahili, mtindo ule uliovuma Dar es Salaam kwa jina la Lufufu: anakutafsiria, anakutania, anamtukana adui kwa niaba yako, na akiona mazungumzo yamekuwa marefu anayaruka. Kisa ni cha mwanamke afisa wa CIA, Evelyn Salt. Siku moja Mrusi mmoja anakuja kujisalimisha, anakaa kitini na kusema kuna jasusi wa Urusi aliyepandikizwa Marekani, na jina la jasusi huyo ni Salt. Basi. Kuanzia hapo mwanamke anakimbia. Anaruka kutoka juu ya lori hili kwenda juu ya lori jingine barabara kuu, na wewe mpaka mwisho hujui kama ni wetu au wa maadui.

Sasa sikiliza sebule ilivyokuwa. Nusu saa ya kwanza, kimya. Baadaye mwenzetu mmoja akauliza, “Yakhe, mbona stelingi mwenyewe hajatokea tu?” Akajibiwa asubiri, atatokea. Mwanamke akawapiga watu kumi peke yake, wakasema huyo anamtengenezea njia stelingi. Kila mwanamume mwenye kifua aliyepita kwenye kioo tulimpa kazi hiyo: huyu hapa! Wakafa mmoja mmoja, au wakageuka kuwa wabaya. Karibu na mwisho Salt anavaa nguo za kiume, anabandikwa uso wa kiume, anajifanya afisa wa jeshi na kupita mbele ya walinzi wa Ikulu ya Marekani, na pale ndipo sebule yote ikapiga kelele kwa furaha. Amekuja! Stelingi kaja! Hatukutambua kwamba ni yule yule. Na umeme ukakatika.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu nikamsimulia bibi. Alikuwa ameketi barazani anachambua karafuu, anaitupa karafuu huku, kikonyo kule, wala haangalii mikono. Nilipofika pale pa mwanamke kuvaa nguo za kiume apite kwa askari, akacheka.

“Na hilo ndilo la ajabu kwenu? Mwanamke kuvaa suruali? Huko Unguja mfalme alivishwa shela akapita mbele ya askari, na waliomvisha ni dada zake. Kawaulize walimu wenu wa skuli kama wanayajua hayo.”

Walimu sikuwauliza, nilikuwa mwoga. Nilikuja kuyasoma mwenyewe baadaye, na tangu hapo kila nikiona picha la kijasusi la mwanamke akilini narudi Unguja ya mwaka 1859.

Hebu turudi pamoja. Oktoba 1856 Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, alifia baharini akiwa safarini kutoka Muskat kuja Unguja. Katika safari ile alikuwa na mwanawe mmoja, Barghash. Kijana huyu hakuchelewa: meli ilipofika aliishusha maiti ya baba yake usiku, kimya kimya, akaizika, akitaka kuushika mji kabla watu hawajaamka. Haikuwa. Kiti kikakaliwa na ndugu yake Majid, na ndugu mwingine, Thuwaini, akabaki na Oman. Barghash akarudi nyumbani kwake akiwa na kinyongo, na kinyongo cha mtoto wa mfalme hakikai peke yake, hutafuta watu. Kikawapata masheikh wa kabila la Harthi. Kikampata konseli wa Ufaransa, ambaye alimtazama Barghash kwa jicho zuri, kwa kuwa konseli wa Uingereza, Rigby, alikuwa nyuma ya Majid. Kwa hiyo ukitaka mataifa makubwa kama ilivyo kwenye picha, yapo. Ukitaka fedha na bunduki, zipo. Na mji wa vichochoro ambao ukikohoa huku jirani anakuuliza una nini, huo upo mpaka leo. Kila upande ulikuwa na mashushushu wake.

Kitu kimoja kilikosekana. Njama inahitaji barua. Masheikh wako mashamba, bunduki zinatoka mbali, ahadi za vyeo lazima ziandikwe, maana mtu hauzi shingo yake kwa maneno ya mdomoni. Na barua za namna ile humpi karani wa kuajiri. Inatakiwa mtu wa ndani, anayejua kuandika, asiyeshukiwa na yeyote.

Mtu huyo alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano, Sayyida Salme.

Naomba hapa tusiende mbio. Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, baba Sayyid Said, mama suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma, basi, wakomee hapo. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Yeye akajifundisha mwenyewe kwa kificho: akachukua mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa ubao wa siku zile, akawa anaziiga herufi za Msahafu mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana alisemwa sana. Baadaye, alipokaa na mama yake katika nyumba ya Majid, kaka huyu mpole alimfundisha mambo mengine, kulenga shabaha kwa bunduki na bastola, kuchezea upanga na mkuki. Ukimsoma unaona kabisa zile sehemu za mwanzo za picha, ambapo stelingi bado mwanafunzi, anatoka jasho uwanjani. Ila hapa mwalimu wa silaha ni yule yule ambaye mwanafunzi atakuja kumgeuka. Mwandishi wa Hollywood angelipwa pesa nyingi kwa wazo hilo.

Mama yake alikufa kwa kipindupindu 1859, akabaki yatima wa pande zote mbili. Na hapo ndipo dada yake mkubwa, Bibi Khole, alipomvuta. Khole alisifiwa kwa uzuri, na Salme alimpenda kwa namna ambayo mdogo humpenda dada anayemwona mkamilifu. Khole alikuwa upande wa Barghash, pamoja na Bibi Meje, dada wa Barghash tumbo moja. Salme hakuwa na ugomvi wowote na Majid, na mwenyewe amekiri hivyo. Alichotaka ni kumridhisha Khole. Mie napenda ukweli huu kuliko kama angetuambia habari za siasa na haki. Watu wangapi wameingia katika mambo makubwa kwa sababu tu hawakuweza kumkatalia mtu mmoja?

Basi akawa katibu. Mikutano ilikuwa ya usiku nyumbani kwa Barghash, na msichana huyu ndiye aliyeandika barua kwa masheikh na barua za kuagiza bunduki na baruti. Haya tunayajua kwa kuwa ameyaandika mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasema usingizi ulimkimbia, kwa sababu alijua fika kalamu yake inatengeneza risasi za kuwapiga watu.

Majid akanusa. Badala ya kumkamata ndugu yake, akaizungushia nyumba yake askari, Mabulushi wengi wao, asitoke mtu, asiingie mtu, mpaka njaa na kiu vimtoe mwenyewe. Huku masheikh wamekwishaanza kukusanyika shambani Marseilles, shamba kubwa lenye jumba, lililokuwa la marehemu ndugu yao Khalid na sasa la binti zake. Jeshi liko shamba, jemadari kafungiwa mjini.

Sasa ndugu msomaji, kama una kamera, iwashe hapa. Ni usiku. Mabibi wakubwa wa mji, Khole, Meje na Salme, wanatoka na msafara wao wa wanawake, wote wamejifunika shela nyeusi, wanakwenda moja kwa moja kwenye nyumba iliyozingirwa. Askari wanawasimamisha. Na hapo linatokea jambo ambalo askari wale hawakuwahi kulifikiria maishani mwao: binti za Sayyid Said wanajitambulisha na kuzungumza na mkuu wao, uso kwa uso, wanadai kumwona ndugu yao. Binti wa mfalme kusema na askari njiani! Lilikuwa jambo zito kuliko mzinga. Yule mkuu akababaika, akaomba radhi, akawapa ruhusa ya kuingia kwa muda mfupi tu.

Ndani tena kukawa na kizuizi kisichotarajiwa, nacho ni Barghash mwenyewe. Hataki. Avae nguo za kike? Yeye, mtoto wa Said bin Sultan? Dakika zinakwenda, askari wanasubiri nje, na mwanamume anabishana habari za heshima yake. Nikifika mstari huo kila mara nawakumbuka wenzangu wa sebuleni. Mwishowe akakubali. Akajaa silaha mwilini, akafunikwa shela yakabaki macho, na mdogo wake Abdul Aziz, mtoto wa miaka kumi na miwili, naye akafunikwa vivyo hivyo. Barghash alikuwa mrefu, na urefu haufichiki kwa nguo. Wakachaguliwa wanawake warefu katika msafara wakatembea ubavuni mwake, huku na huku, ili asichomoze.

Wakatoka. Hapana kukimbia, hapana kunong’ona. Wanatembea polepole na kuzungumza mazungumzo ya kike kama watu waliotoka kumwona mgonjwa. Askari kwa adabu wakajitenga wakawapisha. Adabu ndiyo iliyowashinda, si nguvu, kwa sababu nani atathubutu kumfunua shela binti wa mfalme amtazame? Vazi lililokusudiwa kumficha mwanamke asionekane na wanaume likamficha mwanamume asionekane na jeshi. Nje ya mji, gizani, masheikh walikuwa wakingoja. Barghash akaivua shela, akaagana nao, akapotea na Abdul Aziz kuelekea Marseilles.

Picha nyingi zingeishia hapo, muziki juu, majina yanapanda. Historia haina adabu hiyo. Majid alipeleka jeshi Marseilles, na mabaharia wa Kiingereza wakaenda pamoja naye na mizinga yao. Jumba likapigwa, shamba likaharibiwa, na waliokufa wakawa wengi, wakiwamo watumwa ambao mabibi wale wa njama waliwapa silaha na kuwapeleka. Barghash akatoroka usiku, akarudi mjini kwenye nyumba ile ile aliyotolewa kwa shela. Waingereza wakaja wakaipiga risasi, akasalimu amri. Akahamishiwa Bombay, Abdul Aziz akamfuata, wakakaa huko kama miaka miwili. Mwaka 1861 serikali ya Uingereza huko India ikaitenga rasmi Zanzibar na Oman, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Mambo makubwa, lakini tuwaachie wanaosoma siasa.

Sisi tumfuate katibu. Majid hakumwadhibu hata mmoja katika wale dada. Wanaomfahamu walimcheka kwa huruma yake, na Salme anasema huruma ile ndiyo iliyomuuma zaidi. Watu wakawaepuka. Akajitenga mashambani, Kizimbani, kisha Bububu. Alipopatana tena na Majid, Khole akamkasirikia kwamba kawasaliti. Ndiyo hivyo, jasusi wa pande mbili bila ya kukusudia, kwa kaka alikuwa msaliti, na kwa dada akawa msaliti alipoacha usaliti! Hapo ndipo ninapomwona ni yule yule Evelyn Salt, hujui ni wetu au wa wenzetu, ila huyu wa Unguja hakuwa na malori ya kurukia.

Yaliyobaki wengi mnayajua, maana waongozaji wa watalii hawachoki kuyasimulia. Alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akashika mimba, na Agosti 1866 akatoroka usiku katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Inasemwa ulikuwa usiku wa Mwaka, wanawake wanapoteremka pwani kuoga, naye akateremka pamoja nao, ila hakurudi. Mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu. Mwaka huo huo Majid naye akafa, na Barghash akapata kile kiti alichokivalia shela.

Na alipokipata, je, alimkumbuka karani wake? La hasha. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilijipanga mbele ya mji wa Unguja kumlazimisha Barghash akubali madai ya Wajerumani huko bara, na Bismarck alikuwa amemleta Salme katika meli, awe kisingizio kikihitajika: mnaona, tumekuja kudai urithi wa raia wetu. Barghash akatishika, Wajerumani wakapata walichokitaka, na baada ya hapo mwanamama yule hakuwa na kazi tena. Alipita mitaani, watu wakamsalimia kwa furaha, lakini kaka yake hakukubali kumwona, si siku ile wala baadaye. Urithi hakuupata. Khole alikuwa amekwishafariki. Akakaa Beirut miaka mingi, akafia Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Hivi ndivyo majasusi wa kweli wanavyomalizika, na wale wanaoandika riwaya za kijasusi katika kurasa kama hizi wangefaa kulitazama hilo kidogo. Sisi tumelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nawapenda, nimezisoma chini ya shuka kwa tochi. Visiwani tulikuwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilichotoka 1960. Lakini hesabu wanawake waliomo humo. Ni wazuri, wanavuta sigara ndefu, wanamtega stelingi au wanamwokoa, na kila mara mlango wa kisa wanafunguliwa na mwanamume. Tusijifanye kwamba ni sisi peke yetu. Salt yenyewe iliandikwa kwa ajili ya mwanamume! Mhusika aliitwa Edwin, na aliyetajwa kuicheza alikuwa Tom Cruise. Alipojitoa ndipo wakabadilisha jina na jinsia wakampa Angelina Jolie. Kwa hiyo wale wenzangu wa Vitongoji waliokuwa wakimsubiri stelingi mwanamume hawakuwa wajinga sana. Walikuwa wanamsubiri mtu aliyekuwamo kweli katika karatasi za mwanzo.

Wahindi walitutangulia wote. Mwaka 1935 huko Bombay ilitoka Hunterwali, na stelingi wake alikuwa mwanamke mwenye mjeledi na barakoa (si hii ya korona, ile ya kuficha uso), aliyeitwa Fearless Nadia, mzaliwa wa Australia. Na mwaka 2018 wakaleta Raazi, ya Alia Bhatt, msichana wa Kihindi anayeolewa Pakistan ili apeleleze ukoo wa mumewe wakati wa vita vya 1971. Hii nawaomba muitafute. Hakuna malori. Kuna msichana ndani ya nyumba ya watu wanaompenda, anawaandikia maadui zao habari zao, na kila siku anakula nao meza moja. Nilipoitazama sikuweza kuacha kumfikiria Salme na Majid.

Lakini hapa nina mgogoro na stelingi wangu, na sitaki kuuficha. Salme alikuwa na watumwa. Katika kitabu chake yumo mtu jasiri aliyejifundisha kuandika kwa mfupa, na yumo pia bibi mkubwa anayewaambia wasomaji wa Ulaya kwamba utumwa wa kwetu haukuwa mbaya kama wanavyodhani. Kwa ukurasa mmoja ninampenda, kwa ukurasa wa pili nataka kukifunga kitabu. Mie ni mtu wa Pemba. Tufani ya Aprili 1872, katika enzi ya huyo huyo Barghash, iliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya Pemba imesimama, na tangu siku ile karafuu ikawa ni Pemba. Waliopanda na kuchuma katika miaka ile walikuwa watumwa, hadi amri ya kuufuta utumwa ilipotoka 1897. Ukoo wetu haukutoka katika jumba lolote. Tumetoka kwenye majamvi ya kuanikia.

Nilikwenda Vitongoji likizo moja nikiwa na kitabu kile mkobani, tafsiri ya Kiingereza, na usiku nikamsomea bibi ile sehemu ya kutoroka, nikitafsiri papo kwa papo kama Lufufu. Alikuwa mtu mzima sana sasa. Kisa alikijua, lakini mambo madogo madogo hakuwa nayo, akawa ananisimamisha. Aliipenda ile ya Barghash kukataa kuvaa. “Wanaume,” akasema, na hakuongeza. Nikafika pale pa wanawake warefu kutembea ubavuni mwake.

“Ngoja. Wepi hao?”

Nikamwambia ni wa msafara wa mabibi.

“Vijakazi.”

Nikasema nadhani hivyo.

“Majina yao kayaandika?”

Nikafungua nyuma, nikafungua mbele. Khole yupo, Meje yupo, Abdul Aziz yupo, binti za Khalid wapo kwa majina yao mawili. Nikamwambia hayakuandikwa.

“Askari wangemjua yule bwana,” bibi akasema, “Khole angeulizwa. Wangemrudisha nyumbani kwake, si ndiyo? Mwenyewe umesema nduguye alikuwa mpole. Na wale warefu je? Wangerudishwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kusema kwamba Salme alikuwa mtoto, miaka kumi na mitano, usiku, hofu, asingeweza kukumbuka kila mtu miaka ishirini na zaidi baadaye akiwa Ujerumani. Bibi akatikisa kichwa kama mtu anayekubali tu ili mazungumzo yaendelee.

“We si ndiye unayeandika andika magazeti?” akaniuliza. “Basi na wewe ukiandika anza na hao.”

Sikuanza nao, kama ulivyoona. Nimeanza na sebule ya jirani na Angelina Jolie, kwa sababu nilitaka unisome. Nimejaribu mara mbili kuandika upya usiku ule kwa macho ya mwanamke mmoja mrefu, aliyeambiwa tu asogee hapa, tembea hivi, usigeuke, wala hajui aliye ndani ya shela ya pembeni yake ana kisu cha namna gani. Kila mara nakwama pale pale, mbele ya askari. Najua alivyotembea. Sijui alichokuwa akikifikiria, na jina ninalompa halimkai.

Usiku ule bibi alikuwa amechoka. Alisema nimalizie kesho, akanyanyuka kwenda kulala. Kwenye mlango wa chumbani akainama kidogo, kama alivyokuwa akiinama siku zote, maana milango ya nyumba yetu ni mifupi na yeye alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa mtaa ule.